Siku Tatu za Mafuriko

Jumatano

Hela tunayopewa akina mama maskini watoto waende shule, yangu wameikata. Ati Neema hakuhudhuria siku tatu. Siku hizo mto ulifurika, mtumbwi haukuvuka, na shule iko ng'ambo.

Lakini mwalimu wake anaishi huku kwetu. Siku zote tatu alikaa ukingoni na sisi vibarua, anakula ndizi zangu, anangoja maji yapungue. Sasa nani aliita majina?

Leo nimemuuliza mbele ya afisa anayetugawia hela na akina mama wote. Akatabasamu. "Mama Neema, hayo tungeongea pembeni."

"Hapana, mwalimu. Na wewe jiandike hukuwepo."

Hakuna aliyecheka. Hela sijapata. Kesho Neema anaenda shule vilevile, na nimemwambia amwamkie mwalimu vizuri.