Gari Lenye Turbo Usinunue, Kaka

Sombetini, Arusha

Kaka Osmund, shikamoo.

Kwanza ujue unaandikiwa na dereva ambaye Arusha nzima haijapata mwingine. Nikipita, Mlima Meru wenyewe unavua mawingu unichungulie. Usicheke. Mgongo wako unaendeleaje? Kahawa zimeanza kuiva huko Mbinga? Sisi tunapumua tu. Sikupiga simu kwa sababu chumba ni kimoja, na Mama, tangu macho yaanze kumsumbua, masikio yamekuwa makali kama ya paka.

Umeniuliza kama na wewe ununue gari kama langu. Yaani kale kagari kadogo ka kawaida, kama ka mwalimu mkuu wetu, ila hili lina turbo, bawa nyuma na bomba la kuamsha wafu. Najua tulikubaliana nichukue la kawaida, la teksi. Nililiona hili nikapagawa.

Kaka, usinunue. Ni kweli, ukikanyaga mafuta roho inabaki nyuma inakukimbilia. Lakini utakanyagia wapi? Huku kwetu ni mawe na makorongo, na gari liko chini kama mjusi. Mama mmoja wa Kichaga, muuza vitenge, alishuka hata hatujafika. "Kijana, nimekodi teksi, sikukodi kupigwa!" Na mafuta linakunywa kama mjomba kwenye msiba. Fundi wangu wa Levolosi, Mzee Jasi, kila akifungua boneti anaguna: "Wewe Beda, umenunua viatu vya harusi unaendea navyo shamba."

Sasa kaa chini. Unajua ni kambi ya macho iliyomleta Mama huku, wale madaktari waliotoka nje. Ijumaa ilikuwa siku yao ya mwisho, na ndiyo Mama aliyopangiwa kupasuliwa. Alioga alfajiri, akavaa kile kitenge ulichomnunulia, akakaa mlangoni. Mimi nikaenda sheli kujaza mafuta nimrudie. Jirani mwenye bajaji akamwambia, "Mama, panda nikupeleke, hunidai wala sikudai." Akajibu, "Asante baba, mwanangu anakuja na gari lake."

Gari lilikuwa limezima Kisongo, kule uwanja wa ndege, linafuka kama tanuri la matofali. Hadi nafika nyumbani, bado amekaa palepale, mkoba mapajani. Tulipofika kambini walikuwa wanakunja mahema. Watarudi lini, hakuna anayejua. Siku hizi anapapasa kikombe mezani, na mimi namsogezea taratibu asijue kama nimeona.

Sili, Kaka. Silali. Injini imekufa, kazi sina, na Mama haoni tena hata uso wangu huu mzuri. Njoo, au niambie la kufanya.

Msalimie shemeji, mpishi wa ugali mgumu kuliko tofali. Na mwanao mwambie baba yake mdogo bado ni bingwa. Hapana, usimwambie.

Mama anawasimulia majirani kwamba gari liliniharibikia nikimkimbilia yeye. Si kweli. Sheli iko hapa jirani. Kisongo sikuwa na shida nako. Kijana mmoja mwenye gari kama langu aliniwashia taa tushindane, nikamfuata.

Nilimshinda, Kaka.

Mdogo wako,
Beda