Majivu Kwenye Kaburi Lisilo Lao

Saa tano asubuhi hii Horacio, yule mgeni kutoka Argentina, amemwaga majivu ya mama yake juu ya kaburi nililomwonyesha mimi.

Bríd, si kaburi lao. Nakwambia si lao!

Nilimtafuta mzee wao aliyehamia Argentina kwa kufuata kitabu cha ubatizo cha parokia: Malachy Kiernan. Unajua desturi yetu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu. Kumbe walikuwa binamu wawili, wote Malachy, na aliyehama ni yule mwingine.

Mzee Fintan, Kiernan wa hapa kijijini aliyesimama nasi kaburini, akaninong'oneza, "Binti, hawa ni wazee wangu mimi. Wa kwake wamelala kule kando ya ukuta."

Nikafungua mdomo, lakini mvua ilishayazamisha majivu udongoni.

Horacio akamkumbatia Fintan huku analia. "Mama amefika kwao, binamu."

Fintan akanitazama mimi, kisha akamjibu, "Amefika, binamu."