Pumzi Tatu Mbele ya Sinki

Jumatatu, 7 Juni 1993
Baridi kali hapa Makambako, ukungu mpaka saa nne. Sista Telesia, matroni wetu, amekuja kwenye kikao cha madaktari na jambo lake. Hataki tunawe tu. Anataka tusimame mbele ya sinki, tuvute pumzi tatu, tuyasikie maji kuanzia kwenye kucha hadi kifundo cha mkono, kisha tutaje moyoni jina la mgonjwa tunayemwendea. Anasema tunanawa huku akili ziko sokoni, ndiyo maana tunasahau. Dk. Yoramu, mganga mkuu, akauliza kama hayo ni maombi. Sista akasema hapana, ni kuwepo pale ulipo.

Tulicheka. Lakini kisingizio cha zamani, cha kukosa sabuni, hatuna tena – sabuni sasa imejaa kila duka hapa mjini. Nimejitolea kuanza.

Alhamisi, 10 Juni
Zoezi linafaa. Maji yanachoma kama sindano, huwezi kuwaza kingine. Leo nimesimama mara kumi na tisa. Sista kanisifu mbele ya wenzangu. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 16 Juni
Asubuhi nimepasua jipu la mguuni la mzee Lameki wa Kitandililo. Usaha mwingi, glovu ikachanika. Kabla sijanawa, nesi Devota akaniita wodi ya wazazi. Bandeji ya Safina, niliyemfanyia upasuaji jana akapata mtoto wa kike, imelowa damu.

Nikalipita sinki. Sikusahau. Nililiona kabisa. Gari la kunipeleka Njombe lilikuwa linapiga honi, na maji yale ya baridi – nikafuta mikono kwenye koti. Nikafungua bandeji, nikabonyeza kidonda kwa kidole. Damu ikakata. Devota alikuwa ananiandalia pamba, hakuona.

Njombe nimewafundisha madaktari kumi na wawili jinsi ya kusimama mbele ya sinki. Wamenipigia makofi.

Jumamosi, 19 Juni
Safina ana homa, thelathini na tisa na nusu. Kidonda kinatoa usaha. Nimekifungua upya. Hakulia. Alinishika mkono tu, uleule.

Mumewe, Halfan, mwenye malori, amekesha kwenye benchi. Ametafuta sindano za antibiotiki mji mzima mpaka akazipata. Aliponiona akasimama. "Dokta, Mungu akulipe kwa unavyomhangaikia."

Sikuweza kumwangalia.

Jumatatu, 21 Juni
Kikao. Dk. Yoramu akauliza nani alikuwa anafunga kidonda. Devota. Basi vifaa havikuchemka vya kutosha, akasema. Devota akajibu kwamba vilichemka dakika ishirini, alitazama saa mwenyewe. Alisema mara mbili. Mara ya pili sauti ilikuwa ndogo.

Nilikuwepo. Nilikuwa natazama dirishani.

Wameamua asimamishwe kazi. Ameitwa Jumatano kuchukua barua. Halfan naye kasikia, kaniambia nesi yule asimguse tena mke wake. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa nini nimeitikia?

Mama yake Devota ni mjane, yuko Matamba. Wangu yuko Mawengi. Wote wawili wanadhani watoto wao wanaponya watu.

Jumanne, 22 Juni
Zoezi limenigeuka. Pumzi ya kwanza namwona Safina. Ya pili Devota. Ya tatu haiji. Leo nimenawa mpaka ngozi imepasuka, na bado nikasahau jina la mgonjwa niliyekuwa namwendea.

Nimemwambia Sista nataka kuacha. Akaniuliza ninaona nini nikisimama pale. Nikasema hakuna. Akasema, "Daktari Basil, kama kuna mtu unamwona pale, maji hayatamwondoa. Mwendee."

Nikaenda kwa Safina. Homa imeshuka, ananyonyesha akiwa amelala ubavu. Akaniuliza Devota yuko wapi, maana ndiye anayejua kumgeuza bila kumuumiza. Nikasema amepumzika. Uongo mwingine.

Nikifukuzwa, nifukuzwe. Ninachoogopa zaidi ni uso wa Halfan. Ndiyo, niliandike hivyo hivyo. Nimemwacha msichana apoteze kazi kwa sababu naogopa uso wa mtu.

Jumatano, 23 Juni
Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Dk. Yoramu.

Nilikuja mapema nimwone kabla ya Devota. Karani akasema mganga mkuu yuko kwenye simu, nisubiri. Devota naye amefika. Amevaa sare, ameipiga pasi, kofia imenyooka. Kanisalimu, "Kamwene," kama kila siku. Nikaitikia. Akaniuliza kama na mimi nimeitwa.

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

Akanitazama, kisha macho yakajaa machozi. Akasema alijua kuna mtu atakuja kumtetea, ila hakudhani ni mimi, kwa kuwa Jumatatu nilinyamaza. Akasema, "Asante, daktari. Nitawaambia na nyumbani."

Nilitaka kumwambia palepale. Badala yake nimechukua daftari ili nisimtazame. Yeye anadhani naandika hoja za kumtetea, amekaa kimya asinisumbue.

Mlango umefunguliwa. Dk. Yoramu anaita jina la Devota. Nasimama mimi –