Rangi ya Njano Kwenye Nati

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, saa tatu asubuhi

Jina: Travis Okinyi
Umri: Miaka 38
Kazi: Fundi wa rimu na tairi
Makazi: Nateete, Kampala. Mzaliwa wa Kenya.

Nimekuja kwa miguu yangu, hakuna aliyenikokota. Nimeomba tuandike kwa Kiswahili kwa sababu Kiganda changu ni cha kuuzia tairi tu.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Juni, saa tano asubuhi, mzee Marjan Alal, mkazi wa Mbuya, alifika gereji kwangu na pikapu nyeupe. Dereva wake ni Okot. Mzee alitaka tairi pana zitokeze nje ya bodi, gari lipendeze kwenye harusi ya binti yake. Nilimshauri achukue rimu zilizoundwa kutokeza zenyewe, tuachane na spesa, yale mabamba ya chuma yanayosukuma tairi nje. Akasema spesa ameshanunua, nisimfundishe gari lake. Nikazifunga.

Mimi nina sheria moja na wateja wangu wanaijua. Gari lenye spesa linatembezwa siku moja, polepole, kisha linarudi. Nang'oa tairi zote, nakaza upya nati za spesa zilizojificha nyuma ya rimu, ndipo napiga mstari wa rangi ya njano kwenye nati za nje. Bila rangi, dereva haendi mbali. Okot nilimweleza mwenyewe, na alinisikiliza kuliko bosi wake.

Jumamosi saa mbili asubuhi walirudi. Mzee alikuwa amevaa kanzu na koti. Nikachukua jeki. Akasema, "Wageni wananingoja Lubaga. Piga rangi twende." Nikamwambia ni kazi ya saa moja tu. Akasema tena, "Piga rangi." Nikapiga. Nati sikugusa hata moja.

Okot alikuwa amekwenda kununua maji. Aliporudi alizunguka gari, akaona njano, akaniuliza, "Fundi, ziko sawa?" Nikaitikia kwa kichwa. Afande, hapo ndipo nilipojiua.

Saa mbili na nusu tairi la nyuma kushoto lilichomoka kwenye mteremko wa Lubaga, likamgonga mama Filda, muuza ndizi, likamvunja mguu. Okot alikamatwa palepale, polisi wakasema ameendesha kwa fujo.

Jana saa nane mchana mzee Marjan alinipigia simu. Alitaka niseme Okot alikuwa anakimbiza gari. Akanikumbusha kwamba kibali changu cha kazi kiliisha Machi, watoto wangu watatu wanasoma hapa, na rangi ni ya mkono wangu, kwa hiyo nikifungua mdomo najifunga mwenyewe. Hakukosea. Nikinyamaza, Okot anafungwa. Nikisema, nafungwa mimi, na nikitoka pengine narudishwa kwetu. Nimetafuta njia ya tatu tangu jana, sijaiona. Nina hasira na mzee yule, lakini kubwa ni ile niliyo nayo juu yangu.

Nilikuwa nimekuja kusema alivyotaka mzee. Sikufichi, afande. Lakini nilipopita mbele ya mahabusu Okot aliniona, akafurahi, akawaambia wenzake, "Huyo ndiye fundi aliyekagua gari. Sasa mtajua mimi sina kosa."

Mficha uchi hazai. Lubaga sikuwepo, mwendo wake siujui. Ninachojua ni kwamba tairi lile lingechomoka hata angekwenda mwendo wa kobe. Aliendesha gari ambalo mimi nilimwambia liko sawa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, na ni yangu yote. Viatu na mkanda nimeshavua, viko chini ya meza yako.

Sahihi: T. Okinyi

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi saa nne na dakika kumi. Nimemwambia avae viatu, kwa kuwa alikuja kama shahidi na sina amri ya kumshika. Amekataa kuvivaa mpaka Okot atolewe. Bado ameketi hapa.

Koplo V. Adoch