Mfrasino Niliouchanja Mapema

Jumapili, 14 Julai
Baada ya misa nimepitia bustanini. Mifrasino, miti yetu ya utomvu mtamu, yote kumi na miwili, majani bado yanang'aa. Baba yuko kitandani na nyonga yake iliyovunjika. Kila nikiingia na supu: "Ninfa, udongo umeachana na shina?" Bado, Baba. "Basi usiguse, mti haujawa tayari. Na ukianza, mkato mmoja kwa siku, gome tu." Ni mara ya kwanza ananiachia kisu. Mimi — si kaka Cataldo aliyeko Turino!

Jumatano, 17 Julai
Nimemwahidi Mtakatifu Anna mana ya kwanza, tarehe 26, sikukuu yake, ili Baba ainuke. Utomvu udondoke, ukauke uwe mweupe, ndipo uitwe mana — siku hazitoshi. Nimeuchanja mti wa tano. Huo tu. Mungu anaujua moyo wangu.

Alhamisi, 18 Julai
Hakuna tone. Nikachanja tena. Na tena, ndani zaidi, kupita gome, mpaka kwenye mti wenyewe. Mikato saba! Nakata huku nasali. Jirani Gandolfo akachungulia juu ya ukuta: "Dada Ninfa, huo ni mti au mbuzi wa Pasaka?" Nikacheka. Kicheko gani hicho.

Ijumaa, 26 Julai
Sikukuu. Nimekwenda mikono mitupu. Nimekaa benchi la nyuma.

Jumanne, 30 Julai
Majani ya mti wa tano yanapukutika. Julai! Baba aliupandikiza mwenyewe mwaka aliomwoa mama. Nimeziba mikato kwa tope. Kana kwamba tope ni dawa.

Jumamosi, 3 Agosti
Udongo umeachana na mashina, miti mingine iko tayari, na mimi siwezi kukishika kisu. Baba akataka kuonja mana. Nikaomba kipande kwa Gandolfo. Baba akakiweka ulimini, akafumba macho. "Ya Gandolfo hii. Ina vumbi la barabara. Yetu iko wapi?" Nikasema bado inakauka. Akanitazama. "Haya, mama." Basi, hilo tu. Bora angenipiga kofi.

Jumapili, 4 Agosti
Sikupokea komunyo. Njiani nikaapa: leo namwambia, kahawa ikiisha tu.

Nimerudi — kitanda kitupu! Gandolfo kamtoa nje, kamshika kwapani. "Mzee kaamua, dada. Ningemzuia kwa kitu gani, kamba?"

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Naandika huku nawaona bustanini. Baba anapita mti kwa mti, anagusa kila shina kwa kiganja. "Wewe mzima. Wewe umenenepa, mvivu." Gandolfo anacheka.

Mti wa tatu. Ningekimbia sasa ningemwahi.

Wa nne. "Huu nao unangoja nini? Huyu binti kalala?"

Ameufikia. Kiganja kiko juu ya tope. Anabandua kidogo kwa ukucha. Anahesabu.

Amemwambia Gandolfo amwachie mkono.

Amevua kofia, kama mazikoni.