Magoli Kumi na Matatu Yaliyobaki

Jumamosi, 10 Januari 2026

Nimerudi kutoka Goba na aibu yangu. Barua ya posa ya kijana wangu Revelian imepokelewa, chai imenywewa, lakini nimechekwa! Mimi, Mwalimu Ansbert, mshenga, miaka thelathini mbele ya ubao, nimechekwa kama mtoto aliyekuja shule na viatu vya dada yake.

Yalianza vizuri. Mama Hope, mama wa binti, ni mjane, mtu wa Machame, mpole. Alikuwa na neno moja tu. Mwanawe mkubwa alikwenda Kanada, na baba yao alipofariki, mazishi akayatazama kwenye simu. Akasema Hope ndiye aliyebaki naye. "Mkwe wa kupita simtaki, Mwalimu. Huyu Revelian amerudi, au amekuja kusalimia?" Nikasimama. Nikasema kwa jina langu mwenyewe: kijana ameacha mpira, ameacha Australia, amerudi moja kwa moja. Mshenga akishasema hivyo, amesema. Kesho nyumba ikiyumba mlango unaogongwa ni wake.

Hapo ningekaa. Sikukaa! Mjomba wa binti, Godlisten, akauliza kijana ana sifa gani nyingine, nami nikataka kumpamba. Nikasema ni fundi umeme mwenye vyeti, na tena katika historia ya klabu yake huko Melbourne yeye ni mfungaji wa pili wa muda wote. Akauliza mangapi. Nikajibu kwa mbwembwe: mia nne themanini na tisa. Kwa miaka tisa.

Godlisten, shabiki wa Yanga damu damu, akapiga hesabu. "Mwalimu, hayo ni zaidi ya hamsini kila msimu. Huyo anafunga magoli au anaokota mayai?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama Hope hakucheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa na mimi najiuliza. Hiyo namba niliipata wapi? Kwake mwenyewe. Baba yake, marehemu Romani, tulikuwa chanda na pete. Lakini huyu mtoto aliondoka na miaka kumi na tisa, amerudi mwezi wa kumi uliopita akiwa na thelathini na mmoja. Hiyo miaka ya katikati simjui.

Jumapili, 11 Januari

Baada ya misa nikamwita uani. Anakaa chumba chetu cha nyuma hapa Kimara tangu arudi. Nikamwambia nilivyochekwa. Akacheka na yeye! Akatoa simu.

Kumbe ni mpira mwingine kabisa, wa Kiaustralia. Umechongoka huku na huku kama embe dodo. Wanaudaka kwa mikono, wanaupiga teke, wanapandiana migongoni. Nguzo nne zimesimama wima, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni, hakuna nyavu. Na hakuna golikipa! Nikamwambia bila golikipa hata mie na goti langu ningefikisha mia. "Ba'mdogo, ungefika kwenye mpira kwanza," akasema.

Nikamwona mwenyewe akifunga. Anaruka bega la mtu, anadaka, anatulia, anapiga. Watu wanapiga honi za magari yao pembeni ya uwanja. Nikasikia fahari, nikamkumbuka Romani. Nikamrushia Godlisten ile video. Amejibu kwamba huo si mpira, ni fujo, lakini magoli kweli ni ya kijana na yeye ameyameza maneno yake. Mzigo umeshuka.

Halafu nikauliza tu, kwa kuuliza: na huyo wa kwanza ana mangapi? "Mia tano na moja. Alistaafu kabla sijazaliwa. Kumi na mawili namfikia, kumi na matatu nampita."

Alijibu kabla sijafunga mdomo. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote. Nakijua kichwa cha mtoto aliyekariri. Mtu aliyeacha mpira anahesabu yaliyobaki ya nini?

Alhamisi, 15 Januari

Mke wangu Gladness anasema nimeanza ugonjwa wangu wa kushuku watu. Labda. Lakini haya nimeyaona kwa macho:

Begi lake kubwa bado halijafunguliwa, liko chini ya kitanda na kufuli. Jana mke wangu kapika ndizi na nyama, chakula cha kwao Bukoba, kijana kala sahani moja akafunika. Mhaya anakataa ndizi! Leo nimemkuta duka la dawa kwa mama Tabu, amepanda kwenye mizani. Sikuingia. Nilisimama nyuma ya gari la maji mpaka akatoka.

Simu inaita mchana, saa saba, saa nane. Huko Melbourne inakuwa usiku, watu wametoka mazoezini. Anakwenda kuongelea karibu na tangi. Leo nilikuwa na kazi ya kumwagilia mchicha karibu na tangi. Kiingereza chao ni cha kukokoteza, nimeambulia maneno mawili tu: "msimu mmoja."

Gladness kaniona na ndoo. "Baba, mtihani uliisha. Kaa chini." Nikamwambia mtahiniwa bado anachungulia. Akanikumbusha kwamba hata mwanetu Daniel nilimshuku ana mwanamke, kumbe alikuwa anajifunza kinanda kanisani. Sawa. Ila Daniel sikumdhamini mbele ya ukoo wa Kimachame.

Jumamosi, 17 Januari

Kila Jumamosi alfajiri anasema anakwenda Goba kumsalimia mchumba. Leo nikasema ngoja. Nikachukua bodaboda, nikamwambia dereva afuate kwa mbali. Akaniuliza, "Mzee, ni mkeo?" Nikamwambia aangalie barabara.

Kule juu Goba, nyuma ya nyumba zinazojengwa, pana kiwanja cha mtu hakijamwagwa hata mchanga. Katikati yake nguzo nne za miti zimesimikwa. Mbili ndefu, mbili fupi. Moyo ulinilipuka! Nikajibanza nyuma ya rundo la tofali. Revelian alikuwa amevua shati, anakimbia, anapiga. Mpira unapita katikati. Tena. Tena. Huyo hakuacha mpira hata siku moja. Kichwani nilimwona Mama Hope amekaa peke yake na simu mkononi, na jina langu katikati. Nikakasirika sana. Nikasema leo leo, natoka, namaliza.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, kali: "Umekosa! Rudia!"

Hope.

Binti mwenyewe! Peku, sketi kaifunga kiunoni, anakimbilia mpira vichakani na kuurudisha. Yule aliyenikaribisha chai siku ya posa kainamisha macho. Mguu wangu ukateleza juu ya tofali, wakageuka wote wawili. "Shikamoo, baba," akasema Hope, kama vile kunikuta pale ni jambo la kila siku.

Tukakaa juu ya tofali. Aliyeongea ni Hope. Anasema Revelian aliaga kweli huko, alirudi kweli kuishi. Yeye ndiye aliyeangalia zile video akauliza imekuwaje mtu anaacha na bado kumi na matatu. Ni yeye aliyemfanya awapigie. Klabu imekubali. Ndoa baada ya Pasaka, halafu wanaondoka wote, msimu mmoja tu. "Baba, jina lake likikaa juu pale halifutiki. Kwa nini awe wa pili?"

Nikauliza, na mama? Akasema atamwambia mwenyewe, baada ya pete ya uchumba. Kabla ya pete mama atavunja kila kitu. Akaniomba ninyamaze.

Nikawauliza swali la mwisho. Mtarudi?

Revelian akasema ndiyo, hapo hapo. Hope akaokota mpira, akaanza kuufuta vumbi na kanga yake. Aliufuta muda mrefu. Sikulipata jibu lake.

Jumapili, 18 Januari

Wiki nzima nimemchunga asiyehusika. Kijana ni mweupe wa moyo. Sasa nalala na swali jingine kabisa. Yule binti anamtaka Revelian, au anataka pa kwenda? Nasali Mungu anisamehe kwa kuwaza hivyo juu ya mtoto wa watu, halafu nawaza tena.

Gladness nimemwambia yote. Hakunicheka safari hii. Kasema nenda kwa Mama Hope ukaseme, mshenga hana siri na upande mmoja.

Alhamisi, 29 Januari

Nimekwenda. Nilijipanga njia nzima: Mama, nilikupa neno, neno hilo limepata ufa, nimekuja kulirekebisha. Maneno mazuri. Sikuyatumia.

Alinipokea kwa furaha, akanishika mkono, twende uani nikuonyeshe. Amejenga vyumba viwili! Bati jipya, rangi bado inanuka. Huku watalala, huku watapumzika. Swichi ameziacha bila kufungwa kwa sababu mkwe ni fundi, asije akadharau kazi ya mtu mwingine.

Kisha akanipeleka nyuma. Nilipajua pale. Siku ya posa palikuwa na migomba, nane au kumi, minene, aliitoa kwao Machame ikiwa vichipukizi na marehemu mumewe akaipanda kwa mkono wake. Haipo. Imekatwa yote, mashina yameng'olewa, udongo umesawazishwa.

"Nimeona ile video aliyonionyesha Godlisten," akasema. "Nikasema kijana ameacha kitu anachokipenda hivyo kwa ajili ya binti yangu. Basi angalau awe na mahali pa kupiga piga mpira wake jioni. Patamtosha, Mwalimu?"

Mchaga kukata migomba! Ya mumewe! Nikasema patamtosha.

Akanipa ufunguo. Anataka siku ya pete mimi ndiye niwakabidhi mbele ya watu, nikirudia lile neno langu. Hope hajui vyumba ni vya nani, ameambiwa ni vya kupangisha. Nikaupokea. Nimetembea mpaka barabara kuu bila kusimamisha bodaboda, nimejidharau kila hatua. Mwalimu mzima!

Ijumaa, 30 Januari

Nimemwita Revelian, nikamwambia kuhusu migomba. Vyumba pia. Alikaa pale kwenye ngazi na mikono kichwani mpaka Gladness akatoka kuuliza nani amekufa.

Jumanne, 3 Februari

Tangu Ijumaa hajakimbia. Simu inaita mchana, anaitazama mpaka inanyamaza. Leo kala ndizi sahani mbili. Gladness kafurahi. Mimi sijui kama nifurahi.

Hope amepiga kwangu mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza kama Revelian mgonjwa. Mara ya pili kuniuliza, kwa heshima zote, "Baba, hujasema kitu, eti?" Nikasema kwa mama yako sijasema. Ni kweli. Akauliza: na kwa wengine?

Huyu angefaulu mtihani wowote.

Jumamosi, 7 Februari

Niko Goba, ndani ya gari la Daniel, getini kwa Mama Hope. Naandika goti likiwa meza. Turubai limefungwa, wageni wamejaa, pilau inanukia. Tumefika mapema, nikasema nabaki kidogo nipange maneno. Sina maneno.

Revelian amekuja dirishani sasa hivi. Suti ya bluu, jasho tupu. Alikuwa ametoka kule nyuma. Alikwenda peke yake, akasimama kwenye ule udongo. Viatu vyote vyekundu.

"Ba'mdogo, siendi. Nimewaandikia klabu asubuhi hii. Nitakuwa wa pili, basi. Sema lile neno lako, ni la kweli sasa."

Ningemkumbatia! Romani angelia kwa furaha. Neno langu limepona, Mama Hope amepona. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Kisha nikauliza, umemwambia Hope?

"Bado. Nitamwambia baada ya pete."

Baada ya pete! Na yeye! Wiki tatu zilizopita Hope alitaka kumficha mama mpaka baada ya pete, leo huyu anataka kumficha yule. Nikamwambia nenda kamwambie sasa hivi, hata kama ni jikoni, hata kama kwa ishara. Akasema, "Akikataa je?" Macho ya baba yake kabisa. Kumbe hilo swali langu la usiku na yeye analo.

Amekwenda. Sijui kama amekwenda kwa Hope au amekwenda kukaa tu. Kwenye viti vya mbele namwona Godlisten na jezi chini ya koti. Simwoni Revelian.

Mama Hope ametoka mwenyewe mpaka hapa kwenye gari, gauni la kijani, amependeza. Anasema wamemaliza sala, sasa ni mimi. "Ufunguo unao, Mwalimu?" Ninao. Nimeuonyesha. Akaushika mkono wangu na ufunguo ndani yake, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja, akarudi chini ya turubai.

MC anataja jina langu. Mara ya pili sasa. Hope ametoka amesimama mlangoni, kilemba, dhahabu, mkono wa kushoto tayari uko wazi kwa ajili ya pete. Mchumba wake amekaa hatua mbili tu kutoka kwake, sasa namwona, kainamia viatu vyake.

Hope hamtazami. Ananitazama mimi, kupitia kioo cha gari, anatikisa kichwa taratibu: ameambiwa au hajaambiwa, hataki nilirudie lile neno —