Karatasi ya Unga

Huku milimani, Kilwa
10 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Cletus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mitwero, wewe na Natalia na watoto. Kile kifua cha mtoto kimepona? Sisi hatujambo, ila shemeji yako Alfonsi goti linamsumbua, na mvua hii ya kuja na kukatika imeozesha ufuta wote wa mwanzo. Tumepanda tena.

Nakuandikia maana simu huku unaijua, mpaka upande kule juu, na kule juu kila mtu amesimama na simu yake huku anasikiliza ya mwenzake.

Zile karatasi zako za kuliomba Bunge litunge sheria ya tabianchi nimezimaliza. Ni watu mia mbili na kumi na wanne, wengine wametia saini, wengine dole gumba. Nilizitoa Jumapili baada ya ibada, nje ya kigango, na hata ndugu zetu Waislamu wa ng'ambo ya bonde walikuja. Anakuletea Haruna, kondakta wa basi la Lindi. Sina mengi ya kueleza, watu walikuwa wepesi tu. Ukizipata nijulishe.

Ni mimi dada yako,
Apolonia

Mitwero, Lindi
21 Februari 2025

Dada yangu mpenzi,

Milele amina, na shikamoo. Mtoto amepona, anakimbia na viatu vya mama yake. Mpe pole shemeji. Goti asilikande kwa maji ya moto sana, safari ile liliungua.

Dada, nilipoifungua ile bahasha pale ofisini, mkuu wetu wa kampeni, mama Fortunata, alisimama wima. Sudi walileta themanini. Mchinga mia na kidogo. Mimi mtu wa Kilwa nilikuwa sina hata jina moja, wenzangu wananiuliza kama kwetu wanaishi nyani. Sasa wananiita Mheshimiwa!

Wiki ya pili baada ya Pasaka wabunge watakuja hapa mjini kupokea karatasi zote. Tunataka iwepo sheria, na ndani ya bajeti liwepo fungu la kujikinga, si kila mwaka kungoja bonde lisombwe ndipo watu waletewe mablanketi. Mama Fortunata anaomba umlete bibi Romana, yule ambaye nyumba na mpunga vilikwenda na maji. Hatutamwandikia hotuba. Asimame tu aseme mwenyewe kwa nini aliweka dole gumba lake. Nauli ipo na pa kulala ni hapa kwangu.

Nijibu, dada.

Mdogo wako,
Cletus

Mitwero, Lindi
14 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Habari za Kwaresima? Sisi wazima. Wiki tatu sijapata jibu. Haruna anasema alikupa barua mkononi, ukaifunga kwenye pindo la khanga ukaondoka bila hata kumwuliza habari za watoto wake. Nimekukosea nini? Nijibu hata mistari miwili. Mama Fortunata ameshaliandika jina la bibi Romana kwenye ratiba.

Mdogo wako,
Cletus

Huku milimani
19 Machi 2025, Mtakatifu Yosefu

Mdogo wangu Cletus,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, nanyi natumaini hivyo hivyo. Hukunikosea. Ukishasoma haya usimsomee Natalia.

Romana hawezi kuja. Akisimama mbele ya wabunge akaulizwa kwa nini aliweka dole gumba, atasema aliweka apate unga.

Unajua tangu mafuriko wale watu wa msaada wamekuja mara mbili na karatasi. Unaweka kidole, kesho yake unapata unga na maharage. Huku karatasi ni hiyo, nyingine watu hawaijui. Basi Jumapili ile nikasimama, mimi mwenyekiti wa jumuiya, nikaanza kuwasomea yako. Neno tabianchi nikalisoma mara mbili, na darasa la saba langu unalifahamu, mwenyewe sikuweza kulieleza. Mzee Nikodemo akasema, "Mama, hicho Kiswahili cha redioni, sisi tuna njaa," akashika njia. Wengine wakamfuata. Nikaona nitabaki na karatasi tupu, na ulishaniambia huko ofisini unachekwa.

Ndipo Romana akauliza, "Apolonia, hii ndiyo ya unga?"

Cletus, nafasi ya kusema hapana nilikuwa nayo. Nikasema, "Bibi, wewe weka kidole, mengine tutayajua mbele."

Waliokuwa njiani walirudi mbio. Wa ng'ambo ya bonde walipelekewa habari na watoto. Romana aliweka dole gumba, akalichovya tena kwenye wino akaliweka la pili. Nikamwambia, "Bibi, moja linatosha." Akasema, "Hili la mjukuu wangu, yuko kwa mama yake kule Nangurukuru, kwani yeye hali?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko hicho ndicho kinachonirudia nikishika rozari.

Tangu hapo kila siku ya gulio ananipitia na ndoo yake. "Wale wenzako bado?" Namwambia bado. Mara mbili nimemchotea mahindi yetu nikamwambia haya ni ya kuanzia, mengine yanakuja. Akaniwekea mkono kichwani akanibariki. Alfonsi aliona ghala linapungua, nikamwambia ni panya. Tangu Jumatano ya Majivu sijapokea komunyo. Wenzangu wakipanda mbele mimi nabaki benchi la nyuma, nashika goti kama Alfonsi.

Nakuomba uzitoe zile karatasi. Nasikia aibu mpaka kwako wewe niliyekubeba mgongoni.

Dada yako,
Apolonia

Mitwero, Lindi
27 Machi 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Nilisoma barua yako nikatoka nje nikakaa kwenye tofali mpaka Natalia akaja kuniuliza nani amefariki.

Dada, nisikilize. Mafuriko ni uongo? Mpunga wa Romana haukwenda? Kilichoandikwa pale ni haki yao, hata kama hawakukielewa siku ile. Wako wakubwa wanaosema mambo ya tabianchi ni ya watu wa mijini, wakulima hawajui hata wanachodai. Ukisema sasa utawapa la kusema, na siyo majina yako tu yatakayotupwa, hata ya Sudi na Mchinga yatatiliwa shaka.

Nakuomba unyamaze mpaka Pasaka ipite. Kwa mama Fortunata nimesema bibi Romana anaumwa. Na Haruna anakuletea mifuko mitano ya unga, mikubwa. Wagawie, waambie ndio ule. Hapo hakuna aliyedanganywa.

Nasikia aibu kumwandikia hivi dada aliyenilea. Lakini nifanyeje?

Mdogo wako,
Cletus

Huku milimani
14 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Cletus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mmeanza Juma Kuu mkiwa na afya. Goti la Alfonsi limepata nafuu. Habari ya panya nilishamweleza, hakunifokea. Alisema tu, "Ungeniambia tungempa pamoja."

Mifuko yako mitano ilifika. Siku tatu ilikaa chumbani, nikipita naitazama. Nilijiona nikiwagawia, wakishangilia, na mwakani mtu mwingine akija na karatasi yoyote, ya kuuza hata hilo bonde, wataweka vidole. Nikashindwa.

Jana Jumapili ya Matawi, baada ya ibada, niliomba watu wabaki. Waislamu nilikuwa nimemtuma Hamida, jirani yao wa ng'ambo ya bonde, awaite. Nikasema, "Ile karatasi haikuwa ya unga. Nilijua, na sikuwaambia." Nilidhani watanipigia kelele. Walishusha matawi yao tu, hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Romana ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo unga hauji?"

"Hauji, Bibi."

"Na yale mahindi?"

"Yalikuwa yangu."

"Ungesema ni yako, ningekushukuru wewe," akasema, akachukua fimbo yake akaenda. Leo nimepita kwake, mlango ameurudishia. Moshi niliuona, yumo ndani.

Wengi walimfuata, na maneno niliyapata. Mmoja alisema badala ya sare ya jumuiya wanishonee gunia. Kisha mzee Nikodemo akasema, "Haya, tusomee sasa, tujue tulikuwa tumeuza nini." Nikatoa nakala tupu nilizobaki nazo, na safari hii neno la redioni sikulitaja. Nikawauliza maua ya korosho yanadondoka kwa mvua ya mwezi gani, na zamani ilikuwa mwezi gani. Wakajibizana wenyewe. Nikasema karatasi inataka serikali iandike sheria ya kujiandaa kabla maji hayajaja, na haina unga, haina sukari, haina kitu. Nikodemo akasema, "Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kusema kweli." Akasaini.

Unga wako tuligawa baadaye, kwa waliobomokewa, waliosaini na wasiosaini. Niliwaambia umetoka kwa Cletus mwana wa hapa, na hauna karatasi. Wa Romana nimeuacha kwa katekista.

Yamepatikana majina kumi na moja. Hamida ameomba apeleke karatasi moja nyumbani, mumewe aisome kwanza, nami nimempa. Cletus, toa yale mia mbili na kumi na manne uweke haya. Najua watakucheka. Kama kumwambia mama Fortunata kunakushinda, nitakuja mimi Lindi nimwambie mbele yako.

Utaona jina la kwanza ni langu, limekaa vibaya. Kwenye zile za mwanzo ukilitafuta hutaliona. Niliogopa mwenyekiti wa kijiji asije akaniona mpinzani wa serikali. Vidole vya wenzangu nilivishika nikavichovya kwenye wino, changu nikakificha. Hilo sikukuambia barua iliyopita. Hata padre nimemwambia juzi tu.

Haruna anarudi huku Jumamosi. Naomba jibu lako lije naye.

Ni mimi dada yako,
Apolonia